Mugumo Kwenye Sinia: Kubadilisha Chungu na Kupunguza Mizizi ya Bonsai, Kuanzia Nakuru Hadi Kisumu

Mugumo wangu wa kwanza, mti wa jamaa ya mkuyu, niliutoa kwenye mfereji wa paa, nyumba ya kupanga, hapa Nakuru. Ndege alikula tini kwingine, akaja kuacha mbegu pale, na mche ukajiotea kwenye majani yaliyooza ndani ya bati. Mwenye nyumba alikuwa keshauandalia panga. Nikamwomba aniachie, akacheka, akanishikia ngazi.

Miaka miwili baadaye nilikaribia kuuua mwenyewe, tena kwa bidii. Nilikuwa nimesoma maelekezo ya kuhamisha bonsai, yaani mti unaolelewa uwe mdogo kwenye chungu bapa. Yalihusu ginko, mti wa nchi za baridi, na yaliandikwa na mtu wa nchi yenye theluji: hamisha mti mwishoni mwa majira ya baridi, macho ya matawi, pale majani yatakapotokea, yakianza kuvimba. Nikajiambia, baridi yetu ni Julai. Basi Julai, asubuhi ya ukungu, nikaung'oa mugumo, nikapunguza mizizi, nikaupanda kwenye chungu kipya na kukaa kusubiri. Wiki ya tatu majani yakaanza kudondoka. Wiki ya sita upande mmoja mzima ulikuwa kuni. Nilipofukua, mizizi ilikuwa laini na inanuka kama maji ya maua yaliyosahaulika kanisani tangu Pasaka.

Maelekezo yale yalikuwa sawa kwa mti wake. Ginko hupukutisha majani yote, huweka akiba ya chakula kwenye shina na mizizi, kisha hulala. Joto likirudi, akiba hiyo ndiyo hutoa mizizi mipya. Mugumo haulali. Chakula chake kikubwa hutoka kwenye majani ulio nayo leo, na vidonda vyake hufunga kwa joto la leo. Ukiukata mizizi kwenye baridi na unyevu, vidonda hukaa wazi ndani ya udongo uliolowa, na kuvu huingia kabla havijafunga. Tangu hapo sisomi kalenda ya mtu wa mbali, nasoma ncha za matawi. Zikiwa zinasukuma majani mapya, mti una nguvu ya kukatwa. Zikiwa zimetulia, nami natulia.

Mti wenyewe

Mugumo ni jina la Kikuyu, nalo hufunika miti miwili inayofanana sana, Ficus natalensis na Ficus thonningii. Kwa Waluhya wengi ni mutoto. Ukivuka mpaka kuingia Uganda unaitwa mutuba, na gome lake ndilo hupondwa kwa nyundo za mbao mpaka likawa kitambaa, ufundi ambao UNESCO iliutambua mwaka 2005. Kwa bonsai una sifa tatu: majani madogo yanayozidi kupungua mti ukibanwa, shina linalonenepa haraka, na mizizi inayovumilia mkasi kuliko mti mwingine wowote niliowahi kushika. Mkuyu wenye majani mapana ni ndugu yake, lakini huo uache mtoni. Utabishana nao miaka kumi.

Kwa Wakikuyu mugumo ni mti wa ibada, na hilo si la kupuuzwa. Mama yangu alinikuta siku moja nimeulaza mezani mizizi ikiwa hewani, akasimama mlangoni.

"Huo haukatwi ovyo, wewe."

"Siukati ovyo, mama. Naufanya uishi kwenye chungu."

"Basi ungoje nirudi kwangu kwanza."

Kwa hiyo sichukui mche kwenye mti wa zamani wala kwenye kichaka cha wazee. Nachukua ulioota kwenye ukuta, kwenye mfereji, kwenye ufa wa tangi, mahali ambapo ungeng'olewa tu. La sivyo, kitalu cha kando ya barabara kitakuuzia mche kwa bei ya chakula cha mchana.

Je, unahitaji kuhamishwa?

Mwagilia, kisha tazama. Maji yakikaa juu ya udongo kama dimbwi badala ya kuzama, mizizi imejaza nafasi yote ya hewa. Dalili nyingine: mti unajiinua taratibu kutoka kwenye chungu kana kwamba kuna mtu anausukuma kwa chini, mizizi inachungulia kwenye matundu, au chungu ulichokuwa ukimwagilia mara moja kwa siku sasa kinataka mara mbili. Ukiwa na shaka, uchomoe polepole uone. Mizizi ikiwa imezunguka ukingo mara kadhaa kama kamba ya ng'ombe, wakati umefika. Ukiona udongo mwingi kuliko mizizi, urudishe, na usiseme nilikushauri ukate.

Mugumo mchanga kwenye chungu kidogo hutaka kazi hii kila mwaka mmoja au miwili. Uliokomaa unaweza kukaa mitatu hadi minne. Joto la Kisumu hufupisha muda huo, baridi ya Nakuru huurefusha.

Kuhusu mwezi: Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni hadi Agosti ni wa blanketi mbili. Miezi hiyo sigusi mizizi. Nangoja mvua za Machi au Aprili zishike, hewa iwe na unyevu na mchana uwe na joto, ndipo natoa mkasi. Nikipitwa, najaribu tena Oktoba. Kisumu, karibu na mita 1,130, joto lipo mwaka mzima, kwa hiyo tatizo la huko ni ukavu: Januari na Februari jua na upepo wa ziwa huweza kukausha mti uliokatwa mizizi kabla hujamaliza kunywa chai. Fanya mvua zikianza. Kakamega na Vihiga mvua za Machi hadi Mei zinatosha. Walio Kericho na milima ya Nandi waongeze jambo moja, mvua ya mawe: mti uliokatwa mizizi unategemea kila jani lililobaki, na mawe ya dakika tano yanaweza kuyachana yote. Uweke chini ya paa linalopitisha mwanga.

Udongo: hapa ndipo wengi hupotelea

Neno bonsai ni la Kijapani, bon ni sinia, sai ni kupanda. Ni mti uliopandwa kwenye sinia, na sinia ina tabia yake. Chukua sifongo ya kuoshea vyombo, ilowanishe mpaka itiririke, kisha ilaze bapa kwenye kiganja. Itadondosha maji kidogo na kuacha. Sasa isimamishe kwa urefu wake. Maji yatatoka tena, ingawa sifongo ni ileile na hukuikamua. Chini ya kila chungu huwa kuna safu ya maji isiyoshuka, na kimo cha safu hiyo kinategemea udongo, hakitegemei kina cha chungu. Kwenye ndoo ya sentimita 30, safu ya sentimita 3 ni kitu kidogo. Kwenye chungu cha bonsai cha sentimita 5, hiyo ni zaidi ya nusu ya nyumba nzima imefurika.

Ndiyo maana udongo wa shamba, hata ule mzuri unaootesha mahindi, huozesha bonsai. Chembe zake ni ndogo mno na safu yake ya maji ni ndefu mno. Na ndiyo maana kuweka kokoto chini "maji yatoke vizuri" hakusaidii: safu ile huhamia juu ya kokoto, ukawa umeipunguzia mizizi nafasi kavu. Dawa ni moja, chembe kubwa zinazolingana kuanzia chini hadi juu.

Wakazi wa Nakuru tumebarikiwa. Mawe mepesi ya volkano, yale yanayoelea ukiyatupa majini, yamejaa kwenye ardhi ya pande za Menengai. Mvua kubwa ikipita unayaokota mtaroni. Yana vitundu vinavyoshika maji ndani na hewa nje, na ndicho mizizi inachotaka. Walio Kisumu, Busia au Kakamega hawana haja ya kuyasafirisha: matofali ya kuchoma yaliyovunjika yanapatikana kila mahali wanapojenga, na ukiyaponda hufanya kazi karibu sawa. Chagua yaliyoiva vizuri. Tofali bichi likilowa linarudi kuwa tope. Usijaribu ule udongo mweusi wa Kano hata kwa kiganja kimoja. Mvua unanata, kiangazi unapasuka na kuikata mizizi.

Mchanganyiko wangu wa Nakuru ni sehemu mbili za mawe ya volkano, moja ya matofali yaliyopondwa, na moja ya mboji iliyooza kabisa na kuchekechwa. Kisumu, ambako chungu hukauka haraka, mboji inaweza kuongezwa kufikia theluthi. Kakamega, kwenye mvua nyingi, ipunguzwe. Makapi ya mpunga yaliyochomwa yakawa meusi, wanayo tele Ahero, yanaweza kuchukua nusu ya nafasi ya mboji, nami nayapenda kwa sababu hayashikani.

Kuchekecha ndiyo kazi isiyo na sifa. Tumia wavu wa kukaushia kahawa kutenga vipande vikubwa, kisha wavu wa mbu wa dirishani kuondoa vumbi. Unabaki na punje za ukubwa wa kati, nyingi kati ya punje ya mchele na ya mahindi. Vumbi lote lililopita kwenye wavu wa pili peleka kwenye sukuma wiki. Kisha osha punje kwenye ndoo mpaka maji yatoke meupe, zianike. Ukiruka hatua hii, vumbi litashuka na kila umwagiliaji mpaka chini ya chungu kuwe na uji. Niliruka mara moja. Ilinichukua miezi minne kujua kwa nini mti mmoja ulikuwa na huzuni na mwenzake aliye kando una furaha.

Chungu

Urefu wa chungu uwe kama theluthi mbili za kimo cha mti, na kina chake kikaribie unene wa shina pale linapokutana na udongo. Kwa mti ambao bado unataka unenepe, chagua kikubwa na chenye kina zaidi bila aibu, urembo utakuja baadaye. Matundu yawe mapana, mawili au zaidi, na sakafu ya ndani isiwe na bonde la kutegea maji.

Vyungu vya kununua vya Kiasia ni ghali, lakini sisi hatuna barafu inayopasua udongo, kwa hiyo chungu cha mfinyanzi wa kwetu kinatosha. Changu nilikiagiza soko la Kibuye, Kisumu, kwa mama anayeuza vyungu vya maji. Nilimchorea chini kwa kijiti: kifupi, bapa, miguu mitatu, matundu matatu.

"Nyathina," akaniambia, mwanangu, "chungu hiki kitapikia nini, na kimetoboka?"

"Hakipiki, mama. Kinalea mti."

Alinitazama kwa huruma, ila kazi aliifanya vizuri kuliko mchoro wangu. Chungu chake hupumua kwenye kuta, kwa hiyo hukauka mapema, na lazima nikitazame jioni.

Funika kila tundu kwa kipande cha wavu wa kahawa na ukibane kwa waya kwa chini kisihame. Kisha pitisha waya mbili ndefu kwenye matundu, miisho ikitokeza ndani. Waya wa alumini ni mzuri, na waya wa stima uliovuliwa plastiki yake unatosha. Hizo ndizo zitaufunga mti. Fanya haya yote kabla hujaugusa mti, kwa sababu mizizi ikishakuwa hewani kila dakika ni deni.

Siku ya kazi

Siku moja kabla, usimwagilie. Udongo mkavu kidogo huachia mizizi, udongo uliolowa huivunja. Kazi yenyewe ianze saa kumi alasiri, kivulini, pasipo upepo, ili mti upate usiku mzima wa kupumzika. Kando yako uwe na beseni la maji, chupa ya kunyunyizia, gunia lililolowa, mkasi wa kupogolea, msumeno mdogo, uma wa jikoni uliopindwa meno kama kucha, na kijiti cha mshikaki. Futa vyuma kwa spiriti ya duka la dawa. Vaa glavu, na usishike macho: utomvu wa mugumo ni mweupe, unanata, na huwasha.

Kata waya za zamani chini ya chungu, kama zimebaki. Pitisha kisu kuzunguka ukingo wa ndani. Inamisha chungu, ukiupiga ubavu wake kwa kiganja, na uuongoze mti utoke. Kuuvuta kwa shina ni kuipasua mizizi usiyoiona.

Sasa uma. Anzia pale shina linapogusa udongo na uchane kuelekea nje, kama mama anayechana nywele za mtoto aliyekaribia kulia: kidogo kidogo, kuanzia pembeni, ukiacha katikati mwisho. Mizizi iliyozunguka ukingo ifunue yote mpaka inyooke. Geuza, chana chini. Nyunyizia maji kila dakika mbili tatu, na upande usioufanyia kazi ufunike kwa gunia. Kwa mti ulio na afya natoa udongo wa zamani karibu wote wa nje na wa chini, nikiacha donge dogo chini kabisa ya shina. Mti dhaifu sisafishi hivyo. Huo nauhamishia chungu kikubwa zaidi bila kuugusa mizizi, nikangoja mwaka.

Ukikuta vitu vyeupe kama pamba kwenye mizizi, ni wadudu wanaofyonza, na hapo osha udongo wote kwa maji ya bomba na utupe ule wa zamani mbali. Vinundu vilivyovimba kwenye mizizi kama shanga kwenye uzi ni kazi ya minyoo ya udongoni. Kata sehemu hiyo yote, uichome, na usiutumie udongo ule popote.

Kukata

Mizizi ina kazi mbili. Mizizi minene hushikilia mti na kusafirisha, ile nyembamba kama nywele ndiyo hunywa. Kwenye chungu, upepo hauangushi mti uliofungwa kwa waya, kwa hiyo mizizi minene ya kushuka chini haina kazi tena na inakula nafasi ya wanywaji. Hiyo ndiyo inaondoka kwanza.

Geuza mti kichwa chini juu ya gunia. Tafuta mzizi mkuu, ule unaoendelea na shina. Ukate kwa msumeno, karibu na shina, ubapa, ili mti uweze kukaa mezani bila kuyumba. Ukiwa umetoka ukutani huenda ni mnene kama dole gumba na hauna kitu kingine cha maana karibu yake. Hapo usiukate wote safari hii. Ufupishe nusu, acha mizizi midogo iote juu ya mkato, umalize safari ijayo.

Kisha mizizi ya pembeni. Ile inayotoka kuzunguka shina kama miali ya jua ni uzuri wa mti, utaionyesha siku moja juu ya udongo. Usiiondoe, ifupishe. Fuata kila mmoja kutoka shinani kwenda nje mpaka ulipogawanyika kuwa midogo, kata mbele kidogo ya hapo. Mkato uelekee chini, kwa sababu mizizi mipya hutoka ukingoni mwa kidonda, na mkato unaotazama juu huitoa kuelekea angani. Mzizi unaopita juu ya mwenzake chagua mmoja ubaki. Unaozunguka shina lenyewe ondoa bila huruma. Ukiuacha, ukinenepa utalinyonga shina, na kunyonga ndiyo asili ya jamaa hii ya miti.

Kiasi gani? Kwa mugumo wenye nguvu, kwenye joto, nimekata nusu ya mizizi na mti ukachipua kabla ya wiki tatu. Mara ya kwanza, chukua theluthi. Kuna tofauti kubwa kati ya kukata nusu ya mizizi minene na kukata nusu ya ile nyembamba: ya kwanza mti huihisi kidogo, ya pili humwacha mnywaji bila midomo. Mwisho wa kazi, tazama ulichobakiza. Kama huoni nywele za mizizi upande wowote, simama.

Utomvu utachuruzika. Nyunyizia maji, utapungua. Vidonda vikubwa kuliko shilingi ishirini mimi huvipaka unga wa mkaa vikauke uso.

Na majani? Wengi hukata mizizi kisha hunyoa na kichwa "kusawazisha". Majani yanapoteza maji, ni kweli, lakini hayohayo ndiyo yanapika chakula cha mizizi mipya, na ncha za matawi zinazokua hushusha homoni inayoamsha mizizi. Mimi hutoa majani makubwa ya ndani, labda theluthi moja, na naacha ncha zote. Kupogoa matawi kutangoja miezi mitatu.

Kupanda

Mimina punje kwenye chungu, uzirundike kilima kidogo pale mti utakapokaa, si katikati kabisa. Weka mti juu ya kilima na uuzungushe kushoto kulia ukiukandamiza taratibu, mpaka punje ziingie chini ya shina pasibaki pango. Simama nyuma uutazame mbele yake. Ukishafungwa hutageuza tena.

Vuta waya juu ya mizizi minene, ukiweka kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli pale waya unapogusa, na uzikaze kwa koleo. Shika shina ulisukume: chungu chote kiinuke pamoja nalo. Hatua hii naiona inarukwa kuliko zote. Mizizi mipya ni laini kama uzi wa buibui, na mti unaoyumba na kila upepo huikata kila siku bila wewe kuona chochote.

Jaza punje pembeni, kisha kijiti cha mshikaki: chomeka, chezesha, chomoa, sogea. Punje zitashuka kwenye mapengo, ongeza nyingine. Usikandamize kwa ngumi, hiyo si sima. Acha sentimita moja chini ya ukingo ili maji yasimwagike nje.

Mwagilia kwa kopo lenye matundu madogo mpaka maji yanayotoka chini yawe safi kabisa. Maji ya kwanza yatatoka ya rangi ya chai. Kwa wenye maji ya kisima pande za Nakuru, tumia ya mvua ukiweza. Visima vingi vyetu vina floraidi nyingi, ile iliyotutia rangi meno, na chumvi nyingi, ambayo juu ya punje utaiona baada ya miezi kama ukoko mweupe.

Wiki sita zinazofuata

Wiki mbili au tatu za kwanza, kivulini penye mwanga, pasipo upepo. Kisumu usiweke chungu juu ya ukuta wa saruji, hata kivulini. Saruji ile hutunza joto la mchana mpaka usiku. Nyunyizia majani asubuhi na jioni. Udongo mwagilia pale tu uso umekauka: mizizi iliyokatwa inakunywa kidogo, na wengi huzamisha mti kwa mapenzi. Nakuru usiku ukiwa baridi, ufunike mti kwa mfuko wa plastiki unaoonyesha, ukiwa na matundu machache, na uutoe asubuhi.

Majani kadhaa yatageuka manjano na kudondoka. Usiongeze maji. Kwaruza gome kidogo kwa ukucha: kijani chini yake maana yake mti uko hai na unafanya hesabu zake. Ncha zikianza kufunguka, kwa kawaida kati ya wiki ya pili na ya nne, upeleke kwenye jua la asubuhi. Mbolea hakuna kabla ya wiki ya tano au sita, na hata hapo ni maji mepesi ya samadi. DAP na CAN ziache shambani, huunguza mizizi michanga. Waya za kufungia ziondoe baada ya miezi minne au mitano, kabla hazijauma.

Kwa aliye na ginko

Wapo waliopewa mbegu na jamaa walio ughaibuni. Ginko ni mti wa ajabu, ipo iliyosalimika bomu la Hiroshima mwaka 1945 na kuchipua tena, lakini hutaka majira ya baridi ili ulale. Kisumu sioni utapumzika wapi. Nakuru, Molo au Timboroa una nafasi kidogo. Wakati wake ni ule macho yanapovimba kabla ya kufunguka, mwezi wowote utakaojichagulia hapa kwetu. Mizizi yake ni minene, yenye maji, huvunjika kama karoti, kwa hiyo uma uwe mwepesi na usivuke theluthi. Mikato mikubwa epuka, kwa kuwa vidonda vya ginko hufunga kwa shida. Yaliyobaki, udongo, waya na kijiti, ni yaleyale.

Vilivyokatwa

Vipande vya mizizi minene kama kalamu usitupe. Vikate vya sentimita kumi, vizike kwenye punje zilezile, upande uliokuwa karibu na shina utokeze juu kidogo, na uviweke kivulini penye joto. Vingi vitachipua na kukupa mti wenye shina lililopindapinda ambalo ungelitafuta kwa waya miaka mitano. Mwenye nyumba wangu wa zamani anacho kimoja, kwenye kopo la rangi, dirishani. Kila mwezi hunipigia simu kuuliza kama kimefikia kukatwa. Bado.